Karabai, cherehani cha Singer, dele na maboksi mawili ya vitabu: nianze na kipi, na nisiguse nini?

KonaYaSebule (Tanga)

Wakuu, habari za jioni. Nimeanza kukusanya vitu vya nyumbani vya zamani na kona ya sebule imeshajaa kabla sijajua namna ya kuvitunza. Vilivyopo ni hivi:

Karabai ya Petromax. Tangi zima, halina kutu, ila mpini wa pampu unaingia na kutoka bila kukaza hata kidogo. Cherehani cha mkono cha Singer, gurudumu limeganda, maua ya dhahabu yamebaki kama nusu. Dele la kahawa, nje limefifia, ndani jeusi. Halafu maboksi mawili: nakala za jarida la Mambo Leo, vitabu vya shule vya enzi za Tanganyika, na kamusi moja ya Kiswahili-Kiingereza iliyoandikwa 1939. Humo kuna harufu ya uvundo, vitobo vidogo vya wadudu, pini za stepla zilizoota kutu, na kuna mtu alishapitisha selotepu kwenye kurasa zilizochanika.

Nyumba iko karibu na bahari, unyevu haukosekani. Nianze na kipi? Umri wa kila kimoja nitausoma wapi? Na je, nipige Brasso kila chenye rangi ya shaba?

---

KaraniWaMakaratasi

Anza na vitabu, leo hii, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoendelea kufa. Karabai imekaa miaka hamsini na inaweza kusubiri mwezi. Mdudu hasubiri.

Kwanza toa maboksi sebuleni. Usivipange rafuni pamoja na vitabu vingine mpaka uhakikishe hakuna kilicho hai ndani. Weka kila kitabu juu ya karatasi nyeupe, ukiache siku tatu nne bila kukigusa. Ukikuta unga mpya umeanguka chini ya vitobo, mdudu bado yupo. Karatasi ikibaki safi, vitobo hivyo ni makovu tu.

Vyenye wadudu vinaenda kwenye friza. Funga kila kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, kamua hewa, ziba kwa selotepu, kisha mfuko wa pili juu yake. Nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, wiki mbili kamili. Umeme ukikatika hadi friza ikalainika, anza kuhesabu upya, maana baridi ya nusunusu inampa mdudu nafasi ya kuzoea. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Jasho litajitengeneza nje ya plastiki badala ya kwenye kurasa, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea: wanafungua kwa haraka, kitabu kinalowa, ukungu unazaliwa upya.

Ukungu ni shughuli nyingine. Ukiupangusa ukiwa mbichi unaupaka ndani ya karatasi. Kausha kwanza: kitabu kisimame wima, kurasa zimeachana kidogo kama feni, kivulini penye upepo, au feni ya meza iangalie pembeni na sio kwenye kitabu. Ukishakuwa unga mkavu, toka nje, vaa barakoa, fagia kwa brashi laini ya rangi kutoka mgongo wa kitabu kuelekea ukingoni. Usianike juani siku nzima. Jua linaua harufu, lakini linapausha jalada na kuzidisha ukahawia wa karatasi, na karatasi za magazeti ya zamani zimetengenezwa kwa mbao zilizosagwa, zina tindikali yake mwenyewe tayari.

Nunua kipimo kidogo cha unyevu. Ukungu unaanza kushamiri unyevu ukipita asilimia 65 hivi, na pwani tunapita hapo kirahisi. Rafu iache nafasi ya vidole vinne kutoka ukutani, isiegemee ukuta wa nje. Usifunge vitabu ndani ya kontena la plastiki kabla havijakauka, utakuwa umevipikia supu. Vile vidonge vyeupe vya nondo pia achana navyo: mvuke wake sio mzuri kwa mapafu yako, na harufu haitoki kwenye karatasi.

Sasa pini. Kutu yake inakula karatasi mpaka jalada linachomoka lenyewe. Fungua jarida katikati, ingiza kipande cha kadi chini ya miguu ya pini ili usikwaruze karatasi, inyooshe miguu kwa kisu butu, kisha isukume itoke upande wa mgongo. Usivute kwa koleo. Halafu shona kwa uzi wa pamba kwenye matundu yale yale, ukiongeza moja katikati. Ingiza sindano tundu la kati ukitokea ndani, toka nje mgongoni. Ingia tundu la juu. Ukiwa ndani ruka mpaka tundu la chini, toka nje. Rudi ndani kupitia tundu la kati. Sasa una ncha mbili katikati: moja ikae kulia kwa ule uzi mrefu, nyingine kushoto, funga fundo juu yake. Dakika tano, na jarida linafunguka vizuri kuliko lilivyotoka kiwandani.

Selotepu: iliyokauka na kuwa ya njano mara nyingi plastiki inatoka yenyewe ukiinyanyua taratibu, doa linabaki. Liache. Inayonata bado usiivute, itaondoka na maandishi. Mpya usibandike hata moja. Mchaniko unazibwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Wanga nimesema, sio unga. Unga una ute wa ngano ndani yake, unakakamaa na mende wanaupenda. Ukikosa wanga dukani, kanda unga wa ngano kama wa chapati, osha donge ndani ya bakuli la maji mpaka maji yawe meupe, acha yatuame usiku mzima, mwaga maji ya juu. Kilichobaki chini ndicho. Kikaushe. Kijiko 1 cha wanga kwa vijiko 5 vya maji, loweka nusu saa, pika moto mdogo ukikoroga kama dakika 20 mpaka uwe uji mzito unaong'aa, upoe, uchuje kwenye kitambaa. Hukaa jokofuni siku chache tu, ukinuka utupe. Karatasi ya kubandikia ichane kwa mkono, usikate kwa mkasi, ili ukingo wake uwe na manyoya yanayoshika bila kuacha mstari. Weka karatasi ya kuokea juu na chini, kitu kizito juu, mpaka kesho. Gundi nyeupe ya mbao usiiguse: ikishakauka hakuna anayeweza kuibandua bila kuharibu.

Kuhusu umri, hapa ndipo penye utamu wenyewe. Usiamini mwaka mmoja ulioandikwa mbele. Kamusi yako, kama ni ile ya Oxford, ni kweli ilitoka 1939, lakini ilipigwa chapa tena na tena kwa miaka mingi na mwaka 1939 ukaendelea kuandikwa humo. Geuza nyuma ya ukurasa wa jina, soma orodha ya chapa hadi mstari wa mwisho. Huo ndio umri wa nakala yako. Kisha tafuta bei. Ikiwa kwa rupia, kitabu ni cha kabla ya shilingi kuingia mwaka 1921. Ikiwa kwa "Sh. 2/50", ni baada ya hapo. Mambo Leo ilianza Januari 1923, kwa hiyo anayekuuzia ya 1919 anakuuzia maneno. "Tanganyika Territory" ni wakati wa Waingereza. East African Literature Bureau na chapa yake ya Eagle Press ni 1948 kuja mbele. Tanzania Publishing House, 1966 kuja mbele. Namba ya ISBN ikiwepo, uko mwishoni mwa miaka ya 1960 au baadaye, na ikiwa na tarakimu 13 kitabu hakina hata miaka ya kuzeeka.

Mihuri ya shule, jina la mwanafunzi lililoandikwa kwa wino wa kuchovya, kibandiko cha duka la vitabu: usifute. Hivyo ndivyo vinavyokuambia kitabu kilipita wapi.

---

Kisoksi_na_Spiriti

Mimi nachukua karabai.

Mpini usiokaza maana yake ni wosha ya ngozi iliyo mwisho wa fimbo ya pampu imekauka na kusinyaa. Haijafa. Fungua kofia ya pampu, vuta fimbo yote nje. Utaona kikombe kidogo cha ngozi, mdomo wake ukitazama ndani ya tangi. Kiloweke kwenye mafuta ya cherehani au mafuta mepesi ya mashine usiku kucha, kisha kitanue kwa vidole taratibu ukikizungusha, mpaka kipenyo kizidi kidogo bomba la pampu. Wakati wa kurudisha, kizungushe kinapoingia. Ukikisukuma moja kwa moja mdomo unapinda na unarudi pale pale. Kama ngozi imepasuka, fundi wa baiskeli ana wosha za pampu, nenda na ya kwako mkononi mpimane.

Kabla ya kutia mafuta, jaribu uvujaji. Tangi tupu, funga vyote, piga pampu mara ishirini, lizamishe kwenye ndoo ya maji. Mapovu yakitoka kwenye mfuniko, ni wosha ya mfuniko. Yakitoka kwenye shingo, ni kifungo cha bomba la kupandishia mafuta. Yakitoka kwenye ukuta wa tangi lenyewe, karabai hiyo ni ya kutazama, sio ya kuwasha. Usikubali fundi akulehemie tangi la presha kwa risasi laini halafu aseme iko sawa.

Kuwasha: mafuta ya taa peke yake, robo tatu ya tangi, ile robo ni nafasi ya hewa. Petroli KAMWE, hata tone la kuchanganya. Fungua skrubu ya kuachia hewa. Jaza spiriti kwenye kikombe kidogo kilicho chini ya kichomeo, washa. Inapoishia, funga skrubu, piga pampu. Mshale wa geji usipite mstari mwekundu. Mwanga ukiwa wa njano, moshi na miali inaruka, bomba halijapata joto: mafuta yanafika yakiwa maji badala ya mvuke. Fungua hewa upesi, acha ipoe, rudia spiriti. Hili ndilo kosa la kila anayeanza, anadhani taa mbovu kumbe ana haraka.

Mwanga mweupe lakini hafifu ni tundu la nozeli lililoziba kaboni. Zungusha kile kigurudumu cha pembeni mzunguko mmoja. Kuna sindano ndani inapanda na kuzibua. Usiingize waya kwa mkono, tundu likipanuka hata kidogo taa itakunywa mafuta na kutoa moshi milele.

Kisoksi kipya, kile kitambaa cha wavu kinachotoa mwanga, kinafungwa kwa uzi wake na kuchomwa kwanza mpaka kibaki jivu jeupe. Baada ya hapo hata kidole kinakitoboa. Visoksi vya zamani vilitiwa thoriamu, ambayo ina mionzi kidogo. Majivu yake usiyapulize wala kuyavuta puani, yakusanye kwa kitambaa chenye maji na unawe mikono. Na usiiwashe chumbani palipofungwa.

---

BiUzi

Singer: usipitishe spiriti wala maji kwenye yale maua ya dhahabu. Natanguliza hili kwa sababu mkono wa mtu unakwenda kwenye spiriti kabla hajauliza. Juu ya maua kuna utandu wa vanishi ya zamani. Spiriti inauyeyusha na dhahabu inaondoka na kitambaa, maji yanaugeuza mweupe kama maziwa. Futa kwa pamba yenye mafuta ya cherehani, eneo la kiganja kwa kiganja, bila kukandamiza. Pamba ikianza kuwa na rangi ya dhahabu, simama.

Gurudumu lililoganda kwa kawaida si kutu, ni mafuta yaliyogeuka gundi, hasa kama mtu alitia mafuta ya kupikia. Legeza kwanza kile kishikizo cha katikati ya gurudumu, uone kama gurudumu peke yake linazunguka. Likizunguka, kilichoganda ni mashine ndani. Ondoa bamba la mbele na vifuniko vya chini. Tone moja la mafuta ya taa kila mahali chuma kinapokutana na chuma, subiri usiku mzima, jaribu kwa mkono mbele na nyuma. Usilazimishe. Rudia siku ya pili, ya tatu. Likiachia, futa mafuta ya taa yote kisha tia mafuta ya cherehani, maana mafuta ya taa yanasafisha tu, hayalainishi. Ukishona nayo unasaga vyuma vikavu. Uchafu mweusi kati ya meno yanayosukuma kitambaa uchokonoe kwa kijiti cha meno. Kuna vyerehani vinavyohukumiwa vibovu kumbe kipande cha uzi kimejisokota nyuma ya shato, kile kibebeo cha bobini.

Umri upo kwenye namba iliyogongwa juu ya kitako, upande wa kulia. Tarakimu tupu bila herufi, ni kabla ya 1900. Herufi moja mwanzoni, 1900 na kuendelea. Herufi mbili, miaka ya 1920 kuja juu. Vingi vya kwetu vilitoka Clydebank, Scotland, kiwanda kilichofungwa 1980. Ukikuta beji yenye ukingo wa buluu na maandishi ya 1851–1951, hiyo ni beji ya miaka mia ya kampuni.

Kabla hujanunua kingine, tazama bobini. Ikiwa ndefu nyembamba na inakaa ndani ya chombo chenye umbo la mtumbwi, hakikisha huo mtumbwi upo. Muuzaji akisema "utaupata tu", punguza bei kama vile hautaupata.

---

ShabaIngae

Dele lisafishwe bwana! Ndimu na majivu, au ukwaju, sugua mpaka ujione uso. Hivyo ndivyo lilivyotunzwa siku zote kwenye nyumba za watu wa pwani, hakuna aliyekunywa kahawa kwenye dele lenye ukoko wa kijani. Hii habari ya "usiguse rangi ya uzee" tumeletewa na wauza vitu.

---

KaraniWaMakaratasi

@ShabaIngae dele la matumizi na dele la kuhifadhi ni mambo mawili, hilo nakubaliana nawe nusu. Ila ukwaju ukiachwa muda mrefu unakula zinki iliyo kwenye shaba ya njano, na dele linabaki na mabaka ya waridi ambayo hayarudi. Dakika mbili tatu, suuza kwa maji mengi, kausha hapo hapo hadi ndani ya mkono wa dele. Majivu yachekechwe, chembe moja ya mchanga inaacha mikwaruzo. Na kama kuna nakshi au muhuri wa fundi chini ya kitako, pakwepe, kila ung'arishaji unapunguza kina cha mchoro.

@KonaYaSebule, weusi wa ndani: pengine ni bati lililochakaa. Madele yalitiwa bati ndani ili kahawa isiguse shaba. Kwaruza kidogo kwa kijiti cha mbao. Ukiona rangi ya fedha iliyofifia, bati lipo. Ukiona wekundu au unjano, limeisha, usinywee mpaka fundi alitie upya. Halafu pitisha sumaku. Ikinasa, una chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Kijani kinachofanana kila mahali, hata kwenye mkono ambapo watu walishika, kimetengenezwa kwa dawa. Matumizi ya kweli yanang'arisha mkono, mdomo na ukingo wa kitako, na kuacha pembe zikiwa na giza.

---

KonaYaSebule

Shukrani sana wakuu. Vitabu vimeshatoka sebuleni, vipo juu ya karatasi nyeupe. Wosha ya pampu nimeloweka, imetanuka, sasa mpini unakaza. Lakini nikiachia, unapanda juu wenyewe taratibu. Ni kawaida?

La pili, nimeletewa fremu ya mlango wa kuchonga, anadai ni ya miaka ya 1920 kutoka nyumba iliyobomolewa. Bei nzuri. Vipi?

---

Kisoksi_na_Spiriti

Si kawaida. Mpini unaopanda ni presha ya tangi inayorudi ndani ya pampu, yaani ile vali ndogo iliyo chini kabisa ya bomba la pampu haizibi. Usiwashe ikiwa hivyo, mafuta yatapanda kwenye pampu na kutoka mkononi mwako. Achia presha yote, toa pampu, ifungue vali kwa bisibisi ndefu yenye mdomo unaojaa vizuri kwenye mfuo. Bisibisi ndogo itakula shaba na vali itabaki humo. Ndani kuna springi ndogo na kipande cha mpira au koki, kama ya kizibo cha chupa. Kikiwa kigumu kama kucha au kina alama ya duara iliyozama, kigeuze upande wa pili. Vikiwa vimeisha pande zote, kata kipya kutoka mpira unaovumilia mafuta. Mpira wa tyubu ya baiskeli unavimba kwenye mafuta ya taa, utafanya kazi wiki mbili kisha unarudi hapa kuuliza tena.

---

BiUzi

Kuhusu fremu, usitoe hela bado. Tanzania Bara tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na milango na fremu za kuchonga za kabla ya 1940 zimetajwa humo, sawa na vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Uliza kwanza Idara ya Mambo ya Kale, ukiwa na picha na jina la mtaa ilikotoka. Muuzaji akikataa kutaja nyumba, jibu umeshalipata.

Na hata ingekuwa halali, ipindue utazame nyuma. Msaji wa zamani una alama za tezo zisizolingana. Mistari ya duara ya msumeno wa mashine ikutie shaka, na skrubu zenye alama ya msalaba kichwani hazikuwepo kwa fundi wa miaka ya 1920. Skrubu hizo zilipewa hataza 1936.

---

KonaYaSebule

Nimepindua. Skrubu nne, zote za msalaba, na upande mmoja bado kuna namba ya penseli ya kiwanda cha mbao.